Mahali pa Kumweka Ndahani

Ninyi walimu vijana mnanijia kila mwisho wa mwaka na swali lilelile: mtoto huyu ana akili, Mwalimu, tumpeleke shule gani? Mmenichosha, na mmenifurahisha. Nitaandika jibu mara moja, ili mkija tena tunywe kahawa tu.

Nimefundisha hapa Dodoma chini ya bendera mbili. Katika kazi zote za mwalimu hakuna niliyoikosea vibaya kama ya kuchagua shule, na hakuna ninayoijua leo vizuri kuliko hiyo. Aliyenifundisha hakuwa mwalimu. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kizota, asiyejua kusoma hata jina lake, na alinifundisha kwa kunitia aibu mbele ya Wazungu.

Lakini kosa kwanza.

Enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, shule yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na boma, chenye mbao mbili nyeusi na mbuzi waliochungulia dirishani. Watoto waliletwa na majumbe kwa amri, na wazazi waliwatoa kwa shingo upande. Mtoto akimaliza kwangu, na akili yake ikidai zaidi, njia zilikuwa mbili. Ilikuwapo shule kubwa ya serikali kule pwani, iliyotoa makarani, wakalimani na walimu. Na ilikuwapo shule ya misheni milimani, upande wa Kibakwe, mwendo wa siku nne kwa miguu, iliyotoa walimu wa misheni. Boma lilinipa ruhusa ya kupeleka mtoto mmoja kwa mwaka.

Wa kwanza aliitwa Mgoli. Sikufikiri hata dakika moja: pwani. Babu yangu alikuja bara na misafara akabaki hapa, na mimi mwenyewe nilirudishwa pwani nikasome shule ileile. Kwangu ilikuwa pepo. Nyumba ya mawe, bendi ya tarumbeta, na samaki kila siku. Nilimwita Mgoli nikamweleza yote hayo, nikamalizia kwa lililo bora kabisa.

"Utakula samaki, mwanangu, mpaka usahau jina lako!"

Macho yakamtoka. Nikadhani ni furaha.

Hazikupita siku sitini Mgoli akarudi. Alijificha katika behewa la mizigo hadi Morogoro, wakamtoa, akafuata reli kwa miguu mpaka Dodoma. Magoti yalikuwa manene kuliko mapaja. Nikamkalisha, nikatoa daftari langu. Lazima niwaambie kwamba wakati ule nilikuwa nikipeleka habari za huku kwetu, mvua, nzige, simba, kwa gazeti moja la kila mwezi, na nilikuwa na tabia ya kuuliza kwa mpango: nani, wapi, lini, nani aliona.

"Nani alikupiga?"

"Hakuna."

"Masomo yalikushinda?"

"Nilikuwa wa tatu."

"Sasa umekimbia nini?"

Mgoli akaangalia chini. "Mwalimu, walinipa nyoka. Kila siku. Na wali waliumwagia mchuzi wake."

Ninyi mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishi na Wagogo tangu kuzaliwa, nikisema Kigogo kama wao, na nilijua vizuri kwamba watu wa hapa samaki hawamwoni kuwa chakula, bali nyoka wa majini. Nilikuwa nimeona wakizunguka mbali na kapu la papa mkavu pale sokoni huku wameziba pua. Lakini siku ya kumchagulia mtoto shule nilichagua kwa tumbo langu mimi. Kosa hilo hamtalikuta katika kitabu chochote cha ualimu, na bado naliona likifanywa kila mwaka: mwalimu anampeleka mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe angependa kurudi.

Bwana Shauri, yaani mkuu wa boma, aliniita. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Mwaka ujao chagua wewe, pwani ao misheni, mimi mamoja. Lakini yeye hapana rudi kwa miguu. Akirudi, nafasi yenu napa Tabora." Basi hali ikawa hivyo. Mtoto mmoja zaidi akikimbia, watoto wote wa Ugogo waliokuwa wakija nyuma yake wangefungiwa mlango kwa sababu yangu.

Na mwaka uliofuata ndipo alipotokea Ndahani.

Nikuambieni alivyokuwa. Nilikuwa na desturi ya kuwasomea darasa habari za gazeti. Jumatatu moja nilisoma habari ya moto uliounguza ghala, na Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa gazeti jipya halijafika, nikaisoma tena. Ndahani akanyoosha mkono. "Mwalimu, juma lililopita uliruka pale mvua iliponyesha ikauzima." Nikarudi kutazama. Kweli, nilikuwa nimeruka mstari. Mtoto aliishika habari nzima kichwani kwa kusikia mara moja, akaona na tundu lililokuwamo. Mtoto kama huyo mwalimu humpata mara mbili au tatu katika maisha yake, na usiku halali, si kwa furaha bali kwa hofu ya kumharibu.

Nikakata shauri mapema: misheni. Milimani kuna mtama, kuna maziwa, hakuna samaki. Nikaenda kwa baba yake nikiwa na habari nzuri mfukoni.

Mzee Chilewa alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye jicho moja lililofunga ukungu na jingine lililoona kwa mawili. Wanawe wawili wa kiume walikwisha kufa kwa ndui. Ndahani ndiye aliyebaki. Nilimkuta mbele ya tembe lake, nyumba ya udongo, akisuka kamba ya ukonge kwenye paja.

"Mbukwa, Mzee."

"Mbukwa, mtu wa kanzu. Umekuja kuniambia mwanangu ana akili. Najua. Anajua ng'ombe wangu wote kwa rangi, na wa jirani."

"Nimekuja kukuambia nimempatia shule."

"Umeiona?"

"Nimeisikia. Inasifiwa na wote."

Akaacha kusuka. "Mwalimu, ninyi Waswahili mna kichekesho. Mimi nina ng'ombe kumi na wawili wamelala kwa marafiki zangu, wengine mwendo wa siku tano. Sote tunafanya hivyo, ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wangu. Unadhani kuna hata mmoja niliyempeleka kwa mtu kwa kuwa anasifiwa? Nakwenda kwanza. Nalala kwake. Naona zizi."

"Huyu si ng'ombe, Mzee."

"Ndiyo maana nitalala siku mbili."

Hivyo nikajikuta kwenye njia ya Kibakwe nikiwa na daftari langu, Mzee Chilewa mbele na mkuki wake, Ndahani katikati amebeba kibuyu. Njiani niliandika maswali yangu kwa mpangilio: walimu wangapi, vitabu gani, lugha gani, mtoto akihitimu hupata kazi gani. Nilimsomea Mzee. Akasema, "Mazuri," kwa sauti ile mnayoitumia kumsifia mtoto aliyechora nyumba.

Padre wa misheni alitupokea vizuri mno. Alisema Kigogo safi kuliko changu, hata Ndahani akacheka kwa mshangao. Nikauliza maswali yangu yote nikajibiwa yote, na kila jibu nililiwekea alama ya kufurahi. Mzee Chilewa hakuuliza neno. Alizunguka. Alitazama maji yanatoka wapi. Alikwenda nyuma, kwenye vyoo, akakaa huko muda mrefu hata nikaona haya. Aliwatazama wanafunzi wakipita, si nyuso zao bali magoti na ngozi ya viwiko. Alikaa na mpishi akamenya naye maboga. Siku ya pili jioni ndipo alipomwendea padre.

"Wagonjwa wako wako wapi? Sijaona hata mmoja."

"Akiugua sana tunamrudisha kwao, akauguzwe na mama yake."

"Siku nne njiani?"

"Anabebwa."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Na mwanangu akifia kwako, utaniletea nini?"

Padre akamwekea mkono begani, kwa upole wa kweli, nilimwona. "Mzee wangu, usiwe na hofu. Hatakufa. Mungu atamlinda."

Tulipokuwa tukirudi nilisema mengi juu ya uzuri wa mahali pale. Mzee aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mtu mwema. Maji mazuri. Vyoo visafi. Lakini anayekuambia ng'ombe wako hatakufa, huyo hajapata kuchunga."

Ninyi mnaojua desturi za huku mtakuwa mmekwisha kuona alikokuwa akielekea. Mimi nilikuwa sijaona.

Ikabaki pwani. Nilimweleza Mzee habari ya Mgoli na samaki, bila kuficha, nikidhani atakataa na kwamba tutarudi kumbembeleza padre. Akasema, "Twende tukaone hao nyoka." Nikamwendea Bwana Shauri kuomba cheti cha treni cha watu watatu. Akanguruma, lakini akatoa. Nafikiri alikuwa amechoka na watoto wanaorudi kwa miguu.

Sitawasimulia treni. Nitasema tu kwamba Mzee Chilewa alisimama dirishani tangu Dodoma mpaka giza likaingia, akitaja ng'ombe wa kila kijiji tulichopita, wamenona au wamekonda.

Kule pwani mambo yakaenda kama milimani. Mimi na daftari, yeye vyooni na jikoni. Wagonjwa walikuwapo: watatu, katika chumba chao chenye vitanda, na mzee mmoja wa kuwaangalia. Mzee Chilewa alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mmoja wao akamgusa paji la uso kama baba yake. Siku ya tatu tukaingia kwa Mzungu mkuu wa shule, mtu mrefu mwenye ndevu za njano, ambaye Kiswahili alikijua lakini Kigogo hapana. Pembeni yake alikaa msaidizi wake kijana. Basi kutafsiri kukawa kwangu.

Mzee akasema kwa Kigogo, wazi kabisa: "Mwambie hivi. Nikimweka ng'ombe kwa rafiki, akifa, rafiki ananiletea ngozi, nijue kwamba amekufa kweli, na kwamba hakumuuza wala kumchinja kwa siri. Huyu ni mwanangu wa mwisho. Akifia hapa, wewe utaniletea ngozi gani?"

Wanangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye kanzu. Siku zile mtu alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa neno dogo kuliko hilo. Nikafanya kile ambacho wakalimani wote wa Wadachi walikifanya. Nikasema, "Bwana, mzee anauliza juu ya afya."

Mzungu akaeleza kwa urefu. Daktari huja. Dawa ya homa hutolewa. Vyandarua vipo. Nikamgeukia Mzee nikatafsiri. Hakuniangalia. Alikuwa akimwangalia Mzungu.

"Mtu wa kanzu," akasema, "maneno yangu yalikuwa marefu, wewe ukamwambia mafupi. Yeye amejibu marefu, na ngozi hamna ndani yake. Umeniibia swali. Lirudishe."

Ndahani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili, polepole, bila kukosea neno: "Bwana, baba hakuuliza hivyo." Na akamwambia swali lote. Ng'ombe, rafiki, ngozi, mwana wa mwisho.

Msaidizi akaruka kitini, akataka kucheka au kutukana, sikujua. Mzungu mkuu akamnyooshea kidole, naye msaidizi akakaa. Kisha Mzungu mkuu akainuka, akavuta kitabu kikubwa kabatini, akafungua katikati.

"Wawili," akasema. "Tangu nimekuja mimi, wawili." Akasoma jina la kwanza, na la baba yake, na nchi aliyotoka, na homa iliyomuua, na siku. Akasoma la pili. Akafunga kitabu, akachukua kofia. "Njooni."

Makaburi yalikuwa nyuma ya shamba la shule, chini ya ua wa matete. Mawili, yamepaliwa, kila moja na ubao wake. Mzee Chilewa akachuchumaa.

"Soma," akamwambia mwanawe.

Ndahani akasoma ubao wa kwanza kwa Kiswahili, kisha akamwambia baba yake kwa Kigogo: jina la kijana, mwana wa fulani, mtu wa Unyamwezi. Ilikuwa mara ya kwanza Mzee kusikia mwanawe akisoma kitu. Wengi husikia mtoto wao akisoma kitabu cha hadithi.

"Baba yake alikuja?" Mzee akauliza.

Safari hii nilitafsiri kila neno.

"Hakuja," akasema Mzungu. "Ni mbali. Nilimpelekea nguo zake zote, na daftari zake, na barua kwa mkono wangu. Mwalimu wa Tabora alizifikisha nyumbani."

Mzee akabaki amechuchumaa, akang'oa jani moja lililoota pembeni ya ubao. "Hiyo ndiyo ngozi," akasema. "Mwambie atakaa hapa."

Lakini hakuwa amemaliza. Akatoa begani ile kamba ya ukonge aliyokuwa akisuka siku niliyomwendea. Akamsimamisha Ndahani wima, akaibana chini ya kisigino cha mtoto, akaivuta mpaka utosini, akafunga fundo, akamkabidhi Mzungu.

"Mimi sijui barua," akasema. "Kila wakati wa kupumzika, atakapoandika, nawe utie kamba ya urefu wake. Asiyekula harefuki. Nitajua."

Mzungu akauliza kama mtu hawezi kukata kamba yoyote ile akaituma. Nikatafsiri, na Mzee akanitazama kana kwamba swali ni langu.

"Mtu aliyenionyesha makaburi yake hawezi kunikatia kamba ya uongo."

Bado samaki. Adhuhuri kengele ikalia, wanafunzi wakakaa kwenye mikeka. Mpishi akaleta sinia. Ndahani akaona lile jicho jeupe linalomtazama kutoka kwenye mchuzi, akageuka rangi. Nami nikaona reli, nikaona Bwana Shauri, nikaona nafasi yetu ikipelekwa Tabora.

Mzee Chilewa akaketi kando yake. Akauvua mkufu wake wa shanga, akaushika mkononi usiguse mchuzi. Akamega kipande cha mgongo, akafumba hata lile jicho bovu, akakitia kinywani. Akatafuna. Akatafuna sana. Wanafunzi wote waliacha kula. Shingo ikapanda ikashuka.

"Naam?" nikauliza.

"Kibaya," akasema, machozi yakimtoka. "Kibaya sana, kama kulamba jiwe la mtoni. Lakini si nyoka. Nyoka namjua." Akamgeukia mwanawe. "Baba yako amekula. Sasa wewe una nini la kusema?"

Ndahani akala.

Tulirudi wawili. Kuanzia hapo, mara mbili kila mwaka, barua ilifika kwangu na kamba imekunjwa ndani yake. Niliipeleka Kizota, nikaisoma barua, na Mzee hakuisikiliza mpaka kwanza aipime kamba kwenye mwimo wa mlango wa tembe, aweke alama kwa kisu, aitundike. Wazazi wengine wakaanza kuja kuzitazama. Mwaka wa tatu nilikuwa na wazazi walioniletea watoto kwa hiari, jambo ambalo askari wote wa boma hawakuliweza, hata Bwana Shauri akaniongezea nafasi. Kila mmoja nilikwenda naye kuona shule kwanza, na wawili kati yao walichagua milimani kwa padre, na walichagua vizuri, kwa kuwa watoto wao hawakuwa Ndahani. Daftari langu la maswali nililiweka. Maswali yake ni mema. Ila huulizwa baada ya kutoka jikoni.

Kisha vita vikaja. Wavulana wakachukuliwa kubeba mizigo, ng'ombe wakachukuliwa kulisha majeshi. Kamba ya sita ilifika, ya saba haikufika. Nikawa naogopa kwenda Kizota, nikaenda. Mzee alikuwa akikaa mlangoni, kamba sita juu ya kichwa chake.

"Ngozi haijaja," alikuwa akiniambia kila mara. "Kwa hiyo yupo."

Nilikuwa kwake asubuhi ile alipotokea mtu kwenye njia ya mtoni, mwembamba, viatu vimefungwa shingoni, na furushi. Mama yake ndiye aliyepiga kelele kwanza. Mzee hakuinuka. Akamwacha aje mpaka mbele yake, apige goti amwamkie, ndipo akasema, "Simama mlangoni."

Ndahani akasimama. Lakini kabla baba yake hajazigusa zile kamba, alifungua furushi akatoa nyingine, imefungwa fundo, imechafuka kwa safari.

"Bwana Mkuu alinipima siku shule ilipofungwa," akasema. "Akaniambia, hii ipeleke mwenyewe."

Mzee akaichukua kamba ya saba. Akaibana chini ya kisigino cha mwanawe, akaivuta. Fundo likaishia kwenye nyusi. Alikuwa amerefuka zaidi njiani, kwa miezi ile yote ya kutembea huku akiyakwepa majeshi. Mzee akapima mara ya pili. Akazitundika zote saba pamoja, taratibu, akitafuta mahali pa ile ya mwisho, nami nikatazama pembeni.

"Haya ingia, mama yako amekusubiri," akasema. "Na inama. Mlango haukwenda shule."